Rangi ya Bluu Kwenye Pampu

Pampu ilikuwa nyepesi. Fundi aliitikisa karibu na sikio, akasikia mchakacho mdogo wa kitu kinachokaribia kwisha, akaitikisa tena kana kwamba mara ya pili ingebadili kauli. Haikubadili. Mtu aliyebeba mifuko ya saruji maisha yake yote hadanganyiki na uzito wa kitu, hata kiwe kidogo kama kidole. Juzi ilikuwa nzito. Leo nyepesi. Na yeye jana hakuivuta hata mara moja, alijikaza kusudi, ili ibaki.

Kuna mtu anavuta dawa yangu, alijiambia, na akajua palepale ni nani.

Fundi alikuwa msagaji wa sakafu za terazo. Ukiingia benki au shuleni ukakuta sakafu ya vijiwe vya rangi inang'aa hadi unajiona uso, ujue kuna mtu alipiga magoti juu yake na mashine. Katikati ya chumba husagwa kwa mashine kubwa, na maji yanamwagwa, vumbi halipandi. Lakini kwenye kona na ngazi hutumika grenda ya mkono, na wasimamizi hawakutaka maji pale, wana haraka, ukuta utaloa, malizia hivyohivyo. Fundi akamalizia hivyohivyo mpaka kifua kikajaa. Daktari alimwambia vumbi lile limeshika mapafu na halitoki tena. Akaacha kazi, akapewa pampu ya bluu, dawa ya kuvuta kwa mdomo pumzi inapokata.

Kisha korona ikaja. Barabara zikafungwa, na muuza dawa akawa anatikisa kichwa kabla Fundi hajafungua mdomo. "Mzigo umekwama, mzee. Ikija nitakupigia." Hakupiga. Kwa hiyo pampu iliyokuwa kwenye droo ya meza ya kitandani ndiyo ilikuwa hiyohiyo, hakuna nyingine.

Siku redio ilipotangaza kwamba ugonjwa umefika, Fundi alisimama katikati ya sebule akamtangazia mkewe sheria za nyumba. Ndoo ya maji yenye koki ilikaa mlangoni, na sabuni yake. Hakuna kuingia bila kunawa. Wageni waishie nje.

"Na kikohozi humu ndani ni changu peke yangu," alisema. "Atakayekohoa asiyekuwa mimi, atoke. Sijali ni nani. Mimi ugonjwa ule ukinigusa nimekwisha."

"Hata mimi?" mkewe aliuliza, akiwa anakunja nguo.

"Hata wewe."

Mkewe alicheka kidogo, akaendelea kukunja.

Sasa huyo aliyemshuku, shemeji yake. Alikuwa mdogo wake mke, kinyozi. Serikali ilipofunga vibanda vya vinyozi alikuja na begi lake na mashine ya kunyolea akiikumbatia kama mtoto. Fundi alimkalisha nje uani siku nzima kwanza, anamwangalia kupitia dirishani.

"Shemeji, niingie au nipeleke maombi kwa barua?" kinyozi aliuliza.

"Kaa hapohapo. Nakusikiliza kifua."

"Kupitia dirishani? Basi wewe ni daktari bingwa."

Walikuwa watani tangu zamani, na dada mtu akaingilia kati, akasema ndugu yake hana pa kwenda, na Fundi akakubali. Akaja kujuta. Wiki hiyohiyo kikohozi kikaanza.

Kilianzia bafuni. Kila koki ilipofunguliwa, maji yalianguka kwa kelele kwenye beseni, na chini ya kelele ile Fundi alisikia kikohozi kikavu, chembamba, kinachokatwa kabla hakijaisha, kama mtu anayejiziba mdomo kwa taulo. Kila mara baadaye shemeji alitokea upande wa uani na kukohoa kingine, kikubwa, cha wazi, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, halafu anasema, "Samahani shem, mate yameniingia kubaya."

Fundi alikuwa na sikio la vikohozi. Alifanya kazi na watu ambao ungewajua kwa kikohozi kabla hawajapinda kona. Alijua wazi kwamba kile cha bafuni na kile cha uani havifanani. Akawaza sana juu ya jambo hilo, akahitimisha kwamba shemeji ana magonjwa mawili.

"Ndugu yako anakohoa," alimwambia mkewe jikoni.

"Mate tu."

"Mate kila siku? Na anafungua koki ili nisimsikie. Mtu mzima hakohoi kwa kujificha kama hana analolificha."

"Wewe siku hizi unamshuku hata paka." Mkewe alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria. Akakaza mabega kama anayemeza kitu. "Muache. Hana kazi, hana nyumba. Utamtupa wapi?"

"Na dawa yangu anaivuta."

Kijiko kilisimama. "Nani kakwambia?"

"Uzito."

"Labda inavuja."

"Haivuji. Inavutwa."

Mkewe alirudi kukoroga. Fundi akaona ameshinda.

Alimfuata shemeji uani. Kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda anapaka mafuta meno ya mashine yake.

"Shemeji, nikuulize. Unapotaka kitu cha mtu unaomba au unachukua?"

"Inategemea ni nini. Sigara nachukua. Mke naomba."

"Nazungumza mambo ya maana."

Kinyozi aliinua macho, na utani ukamtoka usoni. Alimwangalia Fundi, akaangalia mlango wa jikoni, akarudi kwenye mashine yake. "Mimi sijachukua kitu chako, shem. Lakini ukiona ni lazima niondoke, niambie, nitaondoka."

Jibu lile lilimkera Fundi kuliko kama lingekuwa la uongo. Mtu asiye na hatia hupiga kelele. Huyu anajitolea kuondoka kabla hajafukuzwa! Kutoka ukuta wa pili, mshonaji, jirani yao ambaye siku hizi alishona barakoa asubuhi mpaka jioni, alipaza sauti: "Fundi! Huyo mgeni wako anakohoa sana. Mimi nina watoto huku!"

"Nimesikia, mama. Nashughulikia."

Alitaka ushahidi. Angeweza kumfukuza tu, nyumba ni yake, lakini mkewe angelia, na Fundi alitaka siku hiyo awe na kitu cha kumwonyesha na kusema, haya, tetea. Akaenda stoo, akafungua sanduku la kazi ambalo hakuligusa tangu aache. Grenda ilikuwemo, mawe ya kusagia yalikuwemo, na makopo ya rangi ya unga, ile inayochanganywa na saruji kutia sakafu maua. Nyekundu, njano, nyeusi, bluu. Akachukua bluu.

Kila msaga terazo anaijua tabia ya unga ule. Ukiwa mkavu ni kama hakuna kitu, hasa juu ya kitu cha rangi ileile. Ukigusa maji tu unaamka, unang'ang'ania ngozi, utasugua mpaka kesho. Na katika nyumba ambayo kila mtu ananawa mikono kutwa, mwizi angejitangaza mwenyewe mlangoni.

Alichovya brashi ndogo, akapakaza pampu taratibu pale kidole cha shahada kinapobonyeza na pale gumba linaposhikilia. Plastiki ya bluu, unga wa bluu, huoni kitu. Mdomo wa pampu ulikuwa na kifuniko, akaona uko salama. Akairudisha kwenye droo, akanawa kwa mafuta ya taa kisha sabuni, akaenda kukaa kwenye kiti karibu na ndoo ya mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze alijisikia yuko kazini.

Asubuhi ilipita. Shemeji alitoka kutupa taka, akarudi, akainamia koki. Fundi aliinuka nusu. Maji yalianguka meupe. Sabuni ikatoa povu jeupe.

"Geuza viganja."

"Shem, sasa umekuwa mpiga ramli?"

"Geuza."

Kinyozi alivigeuza. Vilikuwa safi, vina alama za mkasi tu. Fundi alikuwa bado anavichunguza, ameshika kidole cha mtu mzima kama anayekinunua, pale koki ya bafuni ilipofunguliwa ndani. Maji yakapiga beseni. Na chini ya maji, kile kikohozi. Kikavu. Chembamba.

Fundi alimtazama shemeji, ambaye kidole chake alikuwa bado amekishika.

Shemeji akakohoa haraka, kwa nguvu, kile chake cha kufukuza mbuzi.

"Nyamaza," Fundi alisema.

"Shem, ni mate..."

"Nimesema nyamaza!"

Kikohozi cha bafuni hakikukatwa safari hii. Kiliendelea, kikapanda, kikawa kinavuta hewa kwa mlio kama mlango usiotiwa mafuta. Kitu kilianguka. Kutoka ukuta wa pili mshonaji alipiga yowe: "Jamani, nani huyo tena? Mtatuua!"

Mlango ulifunguka na mkewe akatoka akishika ukuta. Pampu ilikuwa mkononi mwake. Vidole vilikuwa bluu, maji ya bluu yanachuruzika hadi kwenye kiwiko, na midomo yake, yote miwili, ilikuwa bluu.

Unga ni unga. Haukai pale ulipoupaka. Ulikuwa umeingia chini ya kifuniko, na yeye akauvuta pamoja na dawa, moja kwa moja kifuani. Kati ya watu wote ulimwenguni aliyepaswa kulijua hilo ni Fundi.

Alimfikia, akamfuta mdomo kwa gumba. Rangi ilitoka kidogo, ikatapakaa kidevuni. Chini yake kulikuwa na rangi gani? Hakuona. Daktari alikwishamwambia: ukiona midomo yako inageuka bluu, usingoje, hewa imekwisha, kimbia hospitali. Na sasa alikuwa amempaka mkewe dalili ya kifo, hawezi kujua ipi ya kopo na ipi ya Mungu.

"Tafuta gari!" alimwambia shemeji. Kijana alikuwa ameshatoka mbio.

Ndani ya teksi vioo vyote vilishushwa na dereva aliendesha kichwa kikiwa nje kama mbuzi wa mnadani. Mke alikuwa katikati, barakoa usoni, anavuta hewa kwa mabega.

"Tangu lini?" Fundi aliuliza.

Hakuwa na pumzi ya kujibu. Shemeji akajibu. "Kabla ya korona. Tangu mwaka jana."

"Uongo. Ningesikia. Mimi nasikia kila kitu."

"Mwanzoni hakutaka kukutia wasiwasi, shem, alikuwa anakusubiri. Ukikohoa wewe, na yeye anakohoa humohumo. Chako kikubwa, kinafunika. Halafu ukapewa pampu, ukapata nafuu, ukaacha kukohoa." Kinyozi alifuta uso kwa mkono wa shati. "Akakosa pa kujifichia. Ndipo akaniita."

"Akakuita?"

"Hujui kwamba aliniita? Mimi nilikuwa na pa kulala. Akasema, njoo ukae, na ukinisikia bafuni, kohoa wewe. Nimekohoa ya watu wawili mpaka koo limechubuka, na wewe unanikagua viganja."

Mkewe aligusa goti la ndugu yake ili anyamaze. Kisha akasema, neno moja kwa kila pumzi, "Ulisema... hata mimi."

Fundi alitazama nje. Maduka yalikuwa yamefungwa, mtaa mzima umelala mchana.

Kwenye lango la kituo cha afya kulikuwa na hema, foleni ya watu waliopeana nafasi, na muuguzi aliyejifunga plastiki mwili mzima kama godoro jipya. Alimwona mke anavyopumua, akamvuta mbele ya foleni, akamshusha barakoa. Akaruka.

"Huyu amegeuka rangi! Leteni mtungi wa hewa! Kidole... hata kucha! Wodi ya korona, moja kwa moja, msimguse!"

Wawili waliovaa kama yeye walikuja na kiti cha magurudumu. Waliokuwa kwenye foleni walirudi nyuma kama maji yaliyotupiwa jiwe. Fundi aliuona mlango wa ile wodi, kipande cha turubai kinachopepea, na nyuma yake kikohozi juu ya kikohozi. Mkewe hakuwa na ugonjwa ule, sasa Fundi alikuwa na hakika, mtu haugui korona tangu mwaka jana. Lakini kwa kifua kile, akiingia mle kwa sababu ya midomo ya bluu, angeukuta ukimngoja kitandani.

"Ngojeni," alisema.

"Mzee, toa njia."

"Ngojeni! Hiyo ni rangi."

"Rangi ndiyo tunayoiona!"

"Rangi ya kopo. Ya sakafu." Pumzi yake mwenyewe ilikuwa imeanza kukata. "Nimeipaka mimi kwenye pampu. Nilikuwa namtega mwizi."

Muuguzi alimtazama kupitia plastiki yake. "Umempaka mkeo rangi ya sakafu mdomoni?"

"Sikujua ni yeye. Nilidhani ni huyu." Alimwonyesha shemeji kwa kidevu.

"Wengine huwanunulia wake zao rangi ya mdomo dukani," sauti moja ilisema kwenye foleni. Mtu mmoja alicheka, akakatishwa na barakoa yake. Shemeji hakucheka. Mke alikuwa amegeuza kichwa kwenye kiti cha magurudumu anamwangalia mumewe, na Fundi, ambaye hakuwahi kushusha macho mbele ya msimamizi yeyote, akaangalia viatu.

Muuguzi alichukua pamba yenye spiriti, akasugua. Pamba ya kwanza ilitoka bluu, ya pili bluu, ya nne ikatoka na rangi hafifu. Midomo iliyobaki chini ilikuwa imepauka, lakini ilikuwa midomo ya mtu. Wakakisugua kidole pia, wakakibana kwa kile kipimo kidogo cha hewa kinachowaka taa. Muuguzi alisoma, akakunja uso, ila hakupiga kelele tena. "Hewa ni ndogo. Lakini si ya kufa nayo leo. Mwekeni kivulini peke yake, apewe hewa hapo nje, na kipimo cha korona achukuliwe hapohapo."

Daktari aliyekuja alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu. Alimsikiliza mke mgongoni, juu, chini, akarudia upande wa kulia, akamwambia avute, asivute. Baadaye wakampiga picha ya kifua, na akarudi nayo akiinyanyua kwenye mwanga wa jua. Fundi aliiona akiwa bado mbali. Aliijua. Yake ilikuwa nyumbani chini ya godoro, na ilikuwa na madoa yaleyale meupe, kama mtu amemwaga chembe za mawe kwenye saruji.

"Mama, umewahi kufanya kazi ya vumbi?" daktari aliuliza. "Machimbo? Kiwanda?"

"Sijawahi," mkewe alisema. Hewa ya mtungi ilikuwa imemrudishia maneno. "Mimi ni wa nyumbani tu."

"Una hakika? Hata zamani?"

"Sijawahi kufanya kazi popote."

"Amefanya," Fundi alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Nilikuwa narudi jioni mweupe kama mzimu. Navua ovaroli mlangoni, yeye anaichukua uani, anaikung'uta ukutani. Kila siku. Anaipigapiga mpaka huoni mtu, unaona wingu tu. Mimi nimekaa naoga." Alivuta pumzi, ikakataa, akangoja, akavuta nyingine. "Mimi niliweza hata kumwagia maji katikati ya chumba. Yeye alikuwa anapata vumbi la kona tu, kavu."

Daktari aliandika. Mkewe alikuwa anatazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na bluu kwenye mikunjo.

Korona hakuwa nayo. Majibu yalikuja kwa simu, na kwenye simu hiyohiyo wakaambiwa mzigo wa dawa umefika kituoni, kila mmoja aje achukue ya kwake. Shemeji ndiye aliyekwenda. Aliporudi alinawa mlangoni, akageuza viganja bila kuambiwa, akamwonyesha Fundi mbele na nyuma.

"Ingia," Fundi alisema. "Acha upuuzi."

"Mpaka nikaguliwe. Nimezoea."

"Nimesema ingia. Kaa mpaka vibanda vifunguliwe. Kaa hata vikifunguliwa."

"Hilo ni ombi au ni sheria ya nyumba?"

Fundi aliichukua ile ovaroli ya zamani iliyokuwa imening'inia nyuma ya mlango wa jikoni tangu siku alipoacha kazi. Mkewe alikuwa akiikung'uta hata sasa kila alipofagia, kwa mazoea tu. Akaizamisha polepole kwenye beseni la maji, yote, na mikono, na mifuko, bila kuitikisa. Maji yakawa kama maziwa. Akayamwaga, akalijaza beseni tena, na yakawa maziwa tena.

Mkewe alikuwa kwenye kigoda, amefungua kijikaratasi cha pampu yake mpya. Aliinusa. Akaipitishia kitambaa chenye maji, mgongoni, tumboni, ndani ya kifuniko, akakitazama kitambaa juani kama kimebadilika rangi. Hakikubadilika. Bado hakuivuta.

"Hujaingia chumbani tangu shemeji yako alete dawa?" aliuliza.

"Sijaingia."

"Kwenye kikombe changu hujagusa?"

"Mke wangu, nimekwambia..."

"Nakuuliza tu. Kwa sababu wewe ni fundi." Alimkazia macho kwa muda. Halafu kikohozi kikamjia, na safari hii hakwenda kwenye koki wala hakungoja cha mumewe. Alikohoa palepale uani, kwa sauti yake yote, mpaka mshonaji akaacha cherehani ukuta wa pili.

"Nani huyo?" mshonaji aliuliza.

"Ni mke wangu," Fundi alisema. "Ana ugonjwa wangu."

Mkewe aliifuta pampu mara nyingine, akaitikisa, akamnyooshea.

"Anza wewe," alisema. "Nikuone."

Fundi alikausha mikono. Akaichukua, akaiweka mdomoni, akavuta, huku mkewe ameinama karibu, anamwangalia midomo.